Mayai ya Igoki na Mtihani Wangu wa Fundi

Mimi nilipata B ya Fizikia, na hiyo B imeniletea shida kuliko D ya Kemia.

Tangu nimalize Form Four niko tu hapa Kaaga kwa Tata Makandi, dada ya mamangu, nangoja barua ya chuo. Na kwa sababu ya hiyo B, kitu chochote chenye waya kikikohoa, naitwa mimi. Rimoti, pasi, redio ya jirani. Krismasi waya ya extension ya Tata ilikatika katikati, nikaiunga na selotepu nyeusi, nikaambiwa kweli masomo ni kitu kizuri. Hiyo sifa niliila mpaka mwezi wa sita.

Sasa, Tata ana mashine ya kuangua mayai. Inabeba mayai mia mbili sitini na nne, iko kwa ile rumu ya nyuma, na juu yake kuna kaboksi keupe kenye namba nyekundu kanakoambia mashine wakati wa kupasha joto na wakati wa kunyamaza. Wamama wa hapa karibu wanamletea Tata mayai yao ya kienyeji, kila mtu ameandika jina lake kwa kila yai na penseli. Penseli, si biro. Wanasema wino wa biro unaingia ndani unasumbua kifaranga. Siku ishirini na moja zikiisha, unakuja na katoni unachukua vifaranga vyako. Tata hana kibao nje, hana karatasi ya serikali kwa ukuta. Ana jina tu. Akiharibia watu mayai mara moja, Kaaga yote itakuwa na habari kabla ya ibada ya pili.

Huo mzunguko tulikuwa na mayai ya wamama sita. Ya Igoki, jirani wa nyuma, yalikuwa ishirini na mawili, na hayo ndiyo Tata alikuwa anachungulia kila saa. Ugonjwa ulipita kwa Igoki mwezi wa tatu ukafagia kuku thelathini, akabaki na kuku wawili na jogoo mmoja mwenye jicho moja. Mayai ishirini na mawili ndiyo alikuwa anataka kurudia nayo maisha.

Jumatano, siku ya kumi na moja, saa moja asubuhi, namba nyekundu zikaanza kuwaka na kuzima. Tata akaniita.

"Mutwiri! Kuja uone hii kitu."

Nikaja na kikombe cha chai, pole pole, vile daktari hukuja. Mashine ikazima kabisa. Tukaiangalia. Dakika kama tano hivi ikarudi yenyewe, thelathini na saba nukta nne, kama hakuna kilichotokea.

"Si imerudi?" Tata akasema.

"Tata, hiyo ni dalili."

"Dalili ya nini?"

"Ya ndani."

Sikuwa najua ndani ya nini. Lakini ukishasema "ya ndani" na uso umekunja, mtu hakuulizi tena. Nikachukua bisibisi, nikafungua kaboksi, nikang'oa waya. Kumbuka mashine ilikuwa inafanya kazi wakati huo. Mimi ndiye niliizima.

"Kama lazima iende kwa fundi," Tata akasema, "peleka kwa Mutegi. Tunaimba naye kwaya."

"Tata, kuimba besi si ujuzi."

"Mtu ambaye hajawahi kukosa mazoezi ya Alhamisi hawezi kukuibia."

"Hii ni mashine spesheli. Inataka spesheli."

Tata akaanza kuchemsha maji. Alijaza chupa za soda maji ya moto, akazipanga kati ya trei, akafunika mashine yote na blanketi mbili na koti la marehemu mjomba. Halafu akaketi kando yake. Nilimwacha hivyo, amekaa kwa kiti kidogo kama mtu analinda mgonjwa, nikaondoka na moyo umejaa. Nilikuwa na mpango.

Mpango ulikuwa hivi. Kuna video niliona kwa simu, jamaa fulani anafundisha vile utajua fundi ni mwongo. Unatoa kitu kimoja kidogo kwa mashine yako makusudi, unakiweka mfukoni, halafu unapeleka. Fundi mkweli atakuambia, hapa kuna kitu hakipo. Mwongo atakuambia kila kitu kimeungua. Nikaona huyu jamaa ana akili kama yangu. Kwa hivyo pale stejini nikingoja gari, kabla hata sijaingia mjini, nilitoa ile fyuzi ndogo ya glasi iliyo kando ya kaboksi, nikaiingiza kwa mfuko wa suruali. Pia nilikuwa na kijitabu. Nilikuwa nimechora laini: usafi, vyeti, nyota za Google, mavazi, mtihani. Kila kitu kumi. Jumla hamsini.

Najua. Endelea tu kusoma.

Mjini Meru nikaanza na mahali nilipata kwa simu: nyota tano, watu kumi na tisa wamesifu. Duka liko ghorofa ya kwanza, kaunta ya glasi, kiyoyozi, na jamaa amevaa koti jeupe la maabara lenye kalamu tatu. Kwa koti imeshonwa "Eng. Munyi." Ukutani vyeti vinne kwa fremu. Hakukuwa na kifaa hata kimoja kimefunguliwa, hata vumbi halikuwepo. Kabla hajafungua mdomo tayari alikuwa na arobaini kwa arobaini.

Baadaye sana nilirudi kusoma zile sifa kumi na tisa. Zote ziliandikwa Jumanne moja. Watatu walikuwa Munyi.

"Karibu, kijana. Tatizo?"

"Inazimazima, Injinia."

Akavaa glavu. Glavu! Akaweka kaboksi kwa hadubini, akainama, akasema "mmm" mara tatu. Mimi kwa mfuko nashika fyuzi na vidole viwili, natabasamu kwa ndani.

"Prosesa imeungua," akasema. "Unaona hapa? Hii ndiyo ubongo. Imeisha. Tunaagiza nje, wiki mbili."

"Una uhakika, Injinia?"

"Kijana, mimi nimesomea hii kitu."

"Hakuna kitu kingine kinaweza kuwa hakiko?"

Akatoa glavu moja. "Wewe ndiye fundi ama ni mimi?"

Nilishuka hizo ngazi kama mtu ameshinda kesi. Nimeshika mwongo! Mtihani unafanya kazi! Sikufikiria hata kidogo kwamba sasa ni saa nne, mayai yamekaa masaa matatu na chupa za soda, na mimi nimefurahi kwa sababu mashine haijatengenezwa.

Basi nikapitia kwa Mutegi, ndio nimwambie Tata nilipitia. Mutegi ana kontena karibu na soko, ndani kuna spika zimerundikwa mpaka dari, na yeye alikuwa anakula githeri kwa kifuniko cha redio. Usafi, mbili. Vyeti, sufuri. Mavazi, alikuwa na fulana ya kampeni ya mwaka gani sijui, nikampa moja. Google hawamjui.

Akageuza kaboksi huku, akageuza huku. Hakufungua hata skrubu.

"Hii ni ya mayai?"

"Eeh."

"Ya Makandi?"

"Eeh."

"Hii mimi sijawahi kufungua. Naweza fungua, lakini nitakuwa nasomea kwa mayai ya watu." Akanirudishia. "Kuna mama Embu anaitwa Kanini. Hizi za kuangua na zile za kupima maziwa ndizo zake. Shika namba."

Mtihani: sufuri. Niliandika sufuri nikapiga mstari chini. Fundi anayesema hajui! Mtu mzima, ana kontena lake, anasema hajui mbele ya mteja! Nilimhurumia Tata kwa watu anaoimba nao.

Lakini namba nilishika. Na hapa ndipo mtu wa kawaida angerudisha fyuzi, arudi Kaaga, afunge kaboksi, aone kama itawaka. Mimi nilipanda gari ya Embu. Masaa mawili na nusu. Na fyuzi iko mfukoni, kwa sababu mtihani ni lazima uwe sawa kwa kila mtu, si ndiyo haki?

Saa saba na nusu nikafika. Tata alikuwa amenipigia mara nne.

"Umefika wapi?"

"Niko kwa spesheli, Tata."

"Chupa za maji nimebadilisha mara sita. Makaa yanaisha. Igoki amepita hapa akauliza mbona kuna koti juu ya mashine."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni baridi." Akapunguza sauti. "Mutwiri, nimemdanganya Igoki."

Duka la Kanini liko nyuma ya soko, mlango mmoja kati ya cherehani na posho mill ya kusaga unga. Ndani ni kama gari la takataka lilipinduka: redio, mizani, mashine, waya zinaning'inia. Kila kitu kina selotepu nyeupe imeandikwa jina la mwenyewe na ugonjwa. "Ireri, swichi." "Shule, kebo imeliwa na panya." Na nyingine kama tano hivi zilikuwa zimeandikwa neno moja tu: SIJAJUA. Nikatoa kijitabu nikaandika usafi, moja.

Kanini ni mama wa kama miaka arobaini na tano, leso kiunoni, miwani imefungwa na kamba ya kiatu.

"Leta," akasema. Hakuniuliza hata jina.

Akaangalia kaboksi kutoka nje. Hakushika bisibisi. Akaniangalia mimi.

"Leta fyuzi."

"Fyuzi gani, madam?"

"Iliyo kwa mfuko wako."

Kulikuwa na wateja watatu kwa benchi. Mmoja aliacha kutafuna.

"Fyuzi ikiungua inabaki hapa imekuwa nyeusi," Kanini akasema, kama mtu anaelezea mtoto saa. "Haitembei. Hiki kifuniko kimefunguliwa leo na kucha, hata vumbi imetoka hapo tu. Na tangu uingie mkono wako haujatoka kwa mfuko. Leta."

Nikatoa. Ilikuwa na jasho na makombo ya mkate. Akaipangusa na leso, akairudisha mahali pake, akachomeka kaboksi kwa stima. Namba nyekundu zikawaka.

"Ulitoa wapi?"

"Meru. Stejini."

"Umetoka Meru na fyuzi mfukoni." Akageukia wale wa benchi. "Mmesikia? Huyu amesafirisha fyuzi."

"Ilikuwa mtihani, madam. Ndio nijue fundi mkweli."

"Na ukampata?"

"Nilipata mmoja mwongo."

"Huyo unaweza kumpata bure, bila nauli." Akachukua balbu akaifunga pale joto hutokea. Akavuta ule waya mrefu wenye kichwa cha chuma, ambao hupima joto. "Shika. Weka kwapani."

"Kwapa yangu?"

"Unaona kwapa ingine?"

Nikasimama hapo katikati ya duka, shati imefunguliwa vifungo viwili, waya kwapani, namba zinapanda. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Zikasimama thelathini na sita nukta tatu, balbu bado inawaka. Akaniambia nisimame hivyo nusu saa, anataka kuona kama itazimazima. Watu waliingia, wakauliza mizani yao, wakatoka, na kila mmoja aliuliza huyu kijana ana nini. Kanini alikuwa anawajibu, "Anaatamia."

Nusu saa ikaisha, haikuzima hata mara moja. Akachukua kikombe cha maji moto, akashika kichwa cha chuma juu ya mvuke, balbu ikazima. Akatoa, ikawaka. Akafanya hivyo mara nne, bila haraka.

"Hii ni nzima," akasema. "Hakuna kitu nitatengeneza hapa. Shida iko huko imetoka. Nipe namba ya mwenye mashine."

Akapiga, akaweka kwa spika.

"Mama, muga? Ni Kanini, fundi, Embu. Niko na boksi yako, haina ugonjwa. Enda ushike ile waya mashine inatumia. Inapata moto?"

Tukasikia viatu vya Tata, tukasikia mlango. "Sahii imepoa, lakini hapa katikati, penye hii selotepu, imeyeyuka. Inanuka."

"Hiyo selotepu ni ya nani?"

"Ni ya Mutwiri. Aliunga Krismasi."

Kanini akaniangalia juu ya miwani. "Na Mutwiri ni nani?"

"Ni huyo nimekutumia," Tata akasema.

Kwa benchi mtu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilifunga vifungo.

"Nunua waya mpya, mama, mzima, bila kiungo," Kanini akasema. "Iwe tayari akifika. Na mayai usiache kuyapasha." Halafu akakata, akanirudishia kaboksi. Nikauliza ni pesa ngapi. Akasema hajatengeneza kitu, atalipwa ya nini. "Lakini wewe usiguse hii ukifika. Chomeka tu uondoke."

Nilifika Kaaga saa kumi na moja. Waya mpya ilikuwa tayari. Tata hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alichomeka yeye mwenyewe, akaangalia namba zikipanda, akatoa koti la mjomba akalikunja. Masaa kumi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumi na nne, siku ya kumulika. Tata humulika mbele ya wenyewe, ndio asiseme mtu amebadilishiwa yai. Mnafunga dirisha na blanketi mchana, mnaweka tochi kwa tundu la katoni, yai juu ya tundu. Likiwa hai unaona mishipa myekundu na kivuli kinarukaruka ndani. Likiwa limekufa unaona duara ya damu, na ndani kimya.

Asubuhi Tata aliniambia akikoroga uji, bila kuniangalia, "Wakiuliza, ni stima. Stima hupotea."

"Sawa, Tata."

Ilikuwa rahisi sana. Hakuna mtu hapa hawezi kuamini stima ilipotea. Sikuwa hata nahitaji kusema, nilikuwa tu wa kushika tochi.

Walikuja watatu, wengine walikuwa sokoni. Tukaanza na ya Lenah, arobaini, saba yamekufa. Lenah akasema mmh. Tata akasema, "Stima ilitusumbua Jumatano." Lenah akasema hao watu wa stima siku moja watajibu mbele ya Mungu. Wakaendelea.

Halafu ya Igoki. Yalikuwa kwa trei ya chini, karibu na mlango, penye baridi huingia kwanza. La kwanza, duara. La pili, hai. La tatu, duara. La nne, duara. Igoki alikuwa anayapokea mwenyewe, anasoma jina lake kwa penseli, anaweka lililokufa kwa sahani ya kushoto, lililo hai kwa ya kulia. Tukafika la kumi na tatu. Kushoto saba, kulia matano, na lenyewe bado mkononi mwake.

"Kwangu stima haikupotea Jumatano," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafikiria tu. "Halafu ya Lenah yamekuwa sawa. Basi ni jogoo wangu. Tangu apoteze lile jicho hana nguvu. Kesho tukitoka kanisani nitamchinja, niombe jogoo kwa jirani Wambeti."

Tata akaangalia blanketi ya dirisha.

Mimi nilikuwa namjua huyo jogoo. Kila asubuhi saa kumi na moja hupanda ukuta wetu. Hakuwa amefanya kitu. Yeye ndiye pekee kwa hiyo hadithi yote alikuwa amefanya kazi yake.

"Si jogoo," nikasema.

"Eh?"

"Anti Igoki, si jogoo. Na si stima. Ni mimi. Waya niliyounga ndiyo ilikuwa mbovu, halafu nikang'oa boksi ikiwa inafanya kazi, nikatembea nayo mpaka Embu. Mayai yakakaa masaa kumi na chupa za soda. Tata alikuwa hapa siku yote akipasha maji."

"Mpaka Embu kufanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, fyuzi, hadubini, kwapa. Lenah alianza kucheka kwa fyuzi, kwa kwapa akaketi chini. Igoki hakucheka. Alishika lile yai la kumi na tatu, akaligeuza, akaangalia jina lake.

"Makandi," akasema, "wewe uliniambia ni baridi."

"Nilikuambia hivyo," Tata akasema. "Nilikuwa naogopa."

"Ungeniambia ningeleta makaa. Niko na gunia."

Lenah akainuka pale chini. Mimi tochi ilikuwa imenitoka kwa tundu, na ile duara ya mwanga ilikuwa inatembea dari yote.

Igoki akaweka yai kushoto, akachukua la kumi na nne, akaliweka juu ya tundu.

"Shika hiyo tochi vizuri," akaniambia. "Sioni."